Gitaa moja la umeme kwa harusi, ibada na roki: Squier, Epiphone, Yamaha au Ibanez?

Mcharazaji wa Kasese

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Kwa miaka sita nimekuwa nikipiga gitaa la kuazima, na sasa mwenyewe amelihitaji. Nimeweka akiba ya shilingi milioni mbili, na mwezi ujao nitasafiri hadi Kampala kununua langu. Sina uwezo wa kununua mawili, kwa hiyo nahitaji moja litakalobeba kazi zangu zote.

Kazi zenyewe ni hizi. Jumamosi napiga solo katika bendi ya harusi: rumba, sebene (sehemu ya kucheza inayobebwa na magitaa) ndefu ambazo watu hawataki ziishe, na nyimbo za zamani za bendi za Kampala ambazo wazee hawakosi kuziomba. Jumapili asubuhi niko kanisani, ambako nyimbo za kuabudu zinataka sauti laini inayoelea nyuma ya waimbaji. Mara mbili tatu kwa mwezi vijana wenzangu huniita kwenye mazoezi ya roki, na hapo sauti inatakiwa iwe nzito yenye kukwaruza.

Nimefikia majina manne: Squier Stratocaster, Epiphone Les Paul, Yamaha Pacifica 112V, na Ibanez ya aina yoyote mtakayonishauri. Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza husifu lile alilonalo mkononi. Naomba mnieleze sababu, na si jina peke yake, ili nikifika dukani niweze kujiamulia mwenyewe.

Solo wa Bwera

Kaka, sebene ndiyo inayokulipa, basi anza na sebene. Mimi napiga Stratocaster hapa mpakani na Kongo tangu nianze kulipwa, na sijaona sababu ya kubadilisha.

Stratocaster ilipotoka 1954 ilikuwa na pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) tatu za koili moja lakini swichi yake ilikuwa na nafasi tatu tu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiibana swichi katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili hulia pamoja na kutoa mlio mwembamba, wenye uwazi, unaokaribia kengele. Walifanya hivyo kwa miaka mingi hadi Fender ilipoweka rasmi swichi ya nafasi tano mwaka 1977. Mlio huo wa nafasi ya pili na ya nne ndio unaoufaa mkono wetu, kwa sababu unapokimbiza vidole juu ya freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya kumi na mbili, kila noti inasikika imesimama peke yake. Kumbuka pia kwamba hupigi peke yako. Kuna rithimu, kuna mi-solo (gitaa linalojaza kati ya rithimu na solo), kuna besi. Gitaa lenye sauti nene katikati ya hao wote humezwa, na ukiongeza sauti ili usikike, unawameza wenzako.

Kwa roki, nunua pedali ya ovadraivu, kile kifaa cha kukanyaga kinachoufanya mlio ukwaruze. Pedali inaweza kuunenepesha mlio mwembamba, lakini mlio mnene ni vigumu sana kuupunguza mpaka ukawa kengele.

Fundi wa Nyuzi

Mwanangu wa Kasese, nimekarabati magitaa ya umeme hapa Kampala kwa miaka kumi na minane, na nimefurahi kwamba umeomba sababu. Mwenzangu wa Bwera amesema kweli kuhusu sebene, ila kuna mambo ambayo mtu huyajua gitaa linapoletwa kwenye meza yangu.

Majina kwanza, kwa ufupi. Squier ni mali ya Fender, na Epiphone iko chini ya Gibson tangu 1957. Magitaa mengi ya bei yako, yawe na jina la Kimarekani au la Kijapani, hutoka kwenye viwanda vya Indonesia au China, na nimeshayafungua ya kutosha kujua kwamba tofauti ya uangalifu kati ya gitaa moja na jingine la jina lilelile inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya majina. Kinachoamua sauti ni pikapu, urefu wa uzi unaotetema, na namna shingo ilivyofungwa.

Pikapu ya koili moja ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kwa maelfu ya mizunguko. Inanasa mtetemo wa uzi, lakini inanasa pia mvumo wa umeme wa nyaya za nyumba, ambao kwetu ni wa hezi 50. Katika ukumbi wenye taa za mirija, jenereta uani na chaja za simu kwenye kila soketi, mvumo huo utausikia kila wimbo unapoisha, na kanisani, wakati wa maombi ya kimya, utausikia zaidi. Mwaka 1955 mhandisi wa Gibson aitwaye Seth Lover alibuni pikapu ya koili mbili zilizozungushwa kinyume, kila moja ikiwa na ncha ya sumaku iliyo tofauti na ya mwenzake, hivi kwamba mvumo wa moja unafutwa na mvumo wa nyingine ilhali sauti ya nyuzi inajumlishwa. Hiyo ndiyo hambaka, na Les Paul zilianza kuwekewa mwaka 1957. Ni nene, ina nguvu, na inaisukuma amplifaya hadi ikwaruze. Ndiyo maana watu wa roki waliipenda.

Kwa hiyo kazi zako zinavutana pande mbili, na jibu langu ni gitaa lenye pikapu mbili za koili moja upande wa shingo na hambaka moja karibu na daraja, pale nyuzi zinapokaa kwenye kiwiliwili. Pacifica 112V imejengwa hivyo: kiwiliwili cha mbao ya alda, freti 22, urefu wa uzi milimita 648 sawa na Stratocaster, na nobu ya toni ambayo ukiivuta juu inakata, yaani inazima, koili moja ya hambaka. Ukiikata na kuweka swichi nafasi ya pili, unapata mlio unaokaribia sana ule alioutaja Solo wa Bwera; ukiirudisha chini, una hambaka kamili kwa vijana wako wa roki. Ila nisikufiche kitu: koili iliyokatwa hutoa sauti iliyopungua nguvu, na ikilia peke yake mvumo hurudi. Atakayekwambia kwamba haina tofauti yoyote na koili moja ya asili hajazisikiliza zote mbili siku moja. Angalia pia usiuziwe Pacifica 012 kwa bei ya 112V, kwa sababu zinafanana kwa mbali, na 012 haina huo mkato.

Squier nayo hutengeneza Stratocaster zenye hambaka karibu na daraja. Ukiipata yenye shingo nzuri, usiipite kwa sababu ya jina.

Kuhusu Les Paul nitasema jambo moja la usafiri, maana ninyi vijana hubeba magitaa mgongoni kwenye bodaboda. Kichwa cha Les Paul kimelala kwa pembe, na mbao mahali hapo ni nyembamba. Gitaa likianguka kifudifudi ndani ya begi laini, hapo ndipo linapovunjika, na nimegundisha vichwa vingi mno. Shingo ya Stratocaster au Pacifica imefungwa kwa skrubu nne. Ikiharibika kabisa, unafungua na kuweka nyingine.

Dada wa Gitaa, Mbarara

Mzee Fundi, shikamoo. Naomba niitetee Epiphone kidogo, kwa kuwa ndiyo ninayopiga kanisani kila Jumapili.

Sauti ya kuabudu inayoelea, ile anayoitaka kaka wa Kasese, mimi naipata kwenye pikapu ya shingo ya Les Paul nikipunguza toni kidogo na kuongeza mwangwi. Ni ya joto, haimkati mwimbaji, na haina mvumo. Nyuzi zake ni fupi pia, milimita 628, kwa hiyo ni laini chini ya vidole, na mtu anayepiga ibada inayochukua saa tatu nzima ataiona tofauti. Hata hivyo nakubali mambo mawili. Ni nzito, mara nyingi kilo 4 au zaidi, na ukifika juu ya freti ya kumi na sita kisigino cha shingo kinauzuia mkono. Kwa mtu anayeishi huko juu kwa sebene, hilo si jambo dogo.

Lakini lililonifanya niandike ni jingine. Kaka, je, kanisani kwenu mnachomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa? Kwetu tulifanya hivyo kwa miaka, na kila mgeni aliyekuja na gitaa zuri alilalamika kwamba linalia kama redio iliyofunikwa blanketi. Pikapu ya gitaa inahitaji kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, kama megaohmu 1, ambao amplifaya ya gitaa inao. Mlango wa kawaida wa miksa una ukinzani mdogo mno, na hapo sauti za juu zinapotea kabla hazijafika kwenye spika. Suluhisho ni kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya gitaa na miksa, kilichotengenezwa kwa ajili ya gitaa, au pedali ya athari nyingi yenye kuiga spika. Usitumie milioni zote mbili kwenye gitaa. Tenga fedha za kifaa hicho, la sivyo utalilaumu gitaa lisilo na kosa.

Mcharazaji wa Kasese

Dada, umenigusa penye kidonda. Ndiyo, tunachomeka moja kwa moja kwenye miksa, na siku zote nilidhani ni gitaa la kuazima lililochoka. Nimeshaamua kwamba sehemu ya akiba itakwenda kwenye pedali.

Mzee wangu Fundi, nimebakiwa na maswali mawili. Hujasema lolote kuhusu Ibanez. Na je, nikikutana na lililotumika, lenye jina kubwa, kwa bei hiyohiyo, nilichukue?

Fundi wa Nyuzi

Dada wa Mbarara, marahaba, na ahsante. Jambo la miksa nilipaswa kulitaja mimi.

Ibanez ni magitaa mazuri, ila jina hilo limebeba familia nyingi. RG, ambayo wengi huifikiria kwanza, ilianza 1987 na ililengwa kwa roki ya kasi: shingo nyembamba na bapa, hambaka zenye nguvu. Baadhi yake zina daraja linaloelea kwa springi, na hilo nakukataza kwa kazi yako, kwa sababu uzi mmoja ukikatika katikati ya sebene, mvuto unabadilika na nyuzi tano zilizobaki zote zinatoka kwenye toni hapohapo mbele ya bibi na bwana harusi. Ukiitaka Ibanez, tafuta AZES40, yenye mpangilio wa pikapu kama wa Pacifica na swichi ndogo ya ziada inayoongeza michanganyiko. Hiyo ningeiweka mezani pamoja na 112V bila wasiwasi.

La pili, jihadhari. Mwezi huu tu kijana ameniletea gitaa lililoandikwa Gibson kichwani, alilouziwa na mtu kwa akiba yake yote, na kifuniko kidogo cha fimbo ya shingo, ile ya chuma inayoinyoosha shingo, kilikuwa na skrubu tatu. Les Paul halisi ya Gibson ina mbili. Nilipokifungua, hata fimbo yenyewe ilikuwa imepinda. Iliniuma kumwambia. Gitaa lililotumika si baya, ila usilinunue siku unayoliona mara ya kwanza.

Utakalolishika, jipya au la zamani, lifanyie haya. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama karibu na freti ya saba: pawe na uwazi mdogo kama unene wa karatasi au zaidi kidogo. Ukiwa mkubwa, au uzi ukilala kabisa juu ya freti, shingo inahitaji kurekebishwa, na ikiwa fimbo haizunguki, liache. Kisha gusa uzi juu ya freti ya kumi na mbili bila kuubonyeza, usikie noti yake ya hewani, halafu ubonyeze palepale. Noti hizo mbili zikipishana, daraja linahitaji kusogezwa. Hilo ni kazi ya nusu saa kwangu, lisikufukuze. Sogeza swichi nafasi zote tano na uzungushe kila nobu. Mikwaruzo michache ni vumbi, ila nafasi iliyo kimya ni waya uliokatika.

Na kwa usalama wako: ukiwa umeshika nyuzi, mdomo ukigusa maikrofoni na ukahisi mchomo, shusha gitaa na umwite fundi umeme. Waya wa ardhi wa jengo haufanyi kazi, na hakuna pikapu itakayokulinda na hilo.

Solo wa Bwera

Mzee, kwa hambaka yenye mkato nakubali, mradi zile pikapu mbili za koili moja za mbele zibaki. Kaka, weka nyuzi nyembamba za namba 9 ukiwa bado unazoea urefu wa milimita 648, kisha upande hadi 10 mkono ukishakomaa.

Mcharazaji wa Kasese

Wazee na ndugu zangu, nimeyaandika yote kwenye daftari. Nitaanza na Pacifica 112V na Squier yenye hambaka, na AZES40 nikiikuta. Waya nitabeba wangu mwenyewe. Nitapiga sebene ileile kwenye kila moja, kwenye amplifaya moja, nobu zote zikiwa mahali pamoja, halafu wimbo mmoja wa kuabudu polepole. Nikirudi Kasese nitawaandikia ni lipi nililobeba.