Bangi ni halali Colorado, ila mhamiaji usiiguse: sheria ya nani ishike?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana linawagusa ndugu zetu wengi walioko Marekani ambao bado hawajapata uraia.

Majuzi kijana mmoja aliniuliza kama achukue kazi ya kaunta kwenye duka la bangi huko Colorado. Duka lina leseni ya jimbo na linalipa kodi. Nikamwambia asithubutu. Akashangaa: wananchi si walishapiga kura mwaka 2012 kuihalalisha? Walipiga, ndiyo. Lakini kura ile haikufuta sheria ya shirikisho ya dawa za kulevya ya 1970, na uraia hautolewi na Colorado. Mwongozo wa idara ya uhamiaji wa Aprili 2019 unasema wazi kwamba kuvunja sheria ya shirikisho kuhusu bangi kunaweza kumkosesha mwombaji wa uraia sifa ya mwenendo mwema inayotakiwa, hata kama jimbo lake limeruhusu. Kazi kwenye biashara hiyo nayo imo. Wala si lazima uwe umehukumiwa. Ukikiri mwenyewe kwenye mahojiano, yanaweza kuwa yamekwisha.

Tumefikaje hapa? Diane Monson, mgonjwa wa California, alikuwa na miche sita ya bangi nyumbani kwake, kwa ruhusa ya sheria ya jimbo. Maofisa wa shirikisho wakaja kuing'oa. Yeye na mgonjwa mwenzake, Angel Raich, wakashtaki, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua dhidi yao kwa kura 6 kwa 3, kwa hoja kwamba Kongresi, yaani bunge la shirikisho, ina mamlaka juu ya biashara baina ya majimbo. Miche sita ya mgonjwa, asiyemuuzia mtu hata jani, ni biashara gani hiyo? Hapo mimi nasimama na wale majaji watatu.

Ila mahakama hiyohiyo ilishaamua mwaka 1997, katika kesi ya bunduki, kwamba Washington, yaani serikali ya shirikisho, haiwezi kuwaamuru polisi wa majimbo watekeleze sheria zake. Kwa hiyo sheria ya shirikisho ipo, lakini polisi wa mtaani hakukamati. Raia anapumua katika upenyo huo. Kwa mhamiaji ni shimo lililofunikwa majani.

Rai yangu: Kongresi iyaachie majimbo jambo hili, na jimbo likisharuhusu, uhamiaji uheshimu.

JIBU LA 1
Mtoa mada, uchungu wako naupata, lakini unafungua mlango mbaya. Kumbuka Little Rock, 1957. Gavana wa Arkansas, Orval Faubus, aliweka askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule, akidai ni mambo ya jimbo lake. Rais Eisenhower alilazimika kupeleka jeshi ndipo watoto wale wakaingia darasani. Sisi weusi tukianza kushangilia majimbo yanapoikaidi Washington, tunasahau nani alitulinda. Sheria ikiwa mbaya, ibadilishwe kulekule Kongresi, kwa nchi nzima.

MTOA MADA
Mkuu, Little Rock siipingi hata kidogo, na ndiyo hoja nzito kuliko zote ninazosikia upande wenu. Lakini angalia tofauti. Arkansas ilikuwa inamnyang'anya mtoto haki aliyopewa na katiba, Marekebisho ya 14. Colorado imeacha tu kumwadhibu mtu. Shirikisho liwe sakafu ambayo jimbo haliruhusiwi kushuka chini yake. Jimbo likitaka kumpa mtu nafasi zaidi, limpe. Kwamba mabadiliko yapite Kongresi, hapo tuko pamoja, ila wakati tunasubiri, watu wanakosa uraia kwa kazi yenye hati ya mshahara.

Mlioko huko na mmeshapita mahojiano: kuna yeyote, mwajiri au wakili, aliyewaonya kabla hamjajaza fomu?