Kikundi cha akina mama kinataka kuulinda msitu wa kilima ulio juu ya chemchemi: tuanzie wapi?

Mama Mbegu (Buchosa)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Kijiji chetu kipo Buchosa, upande wa Ziwa Victoria. Nyuma ya nyumba za mwisho kuna kilima chenye mawe makubwa na msitu ambao tulipokuwa watoto tulikatazwa kuuingia ovyo, kwa sababu chemchemi tunayoitegemea inatokea miguuni pake. Leo upande mmoja wa kilima umekuwa mashamba ya mihogo, na kila msimu mashamba hayo yanapanda juu kidogo, kwani yale ya chini yamechoka. Kuni za kubanikia sangara nazo zinatoka hukohuko. Ikifika Septemba maji yanatiririka membamba kama uzi, na foleni ya ndoo inaanza saa kumi alfajiri.

Sisi ni wanawake 27 wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mwaka jana tuliotesha miche ya mgrevilea na mikaratusi, tukaipanda pembezoni mwa mashamba yetu. Wanachama kadhaa waliamriwa na waume au mashemeji zao waing'oe, na wawili waliokuwa wamekodi mashamba walinyang'anywa kabla hata ya kuvuna. Hatukuelewa kosa letu.

Naomba kuuliza: je, tuiombe serikali ya kijiji ipige marufuku kuingia msituni kwanza, ndipo tupande, au tuendelee kupanda hivihivi? Na je, kikundi cha wanawake kina nguvu gani juu ya msitu ambao hauna mwenyewe?

Mzee wa Kitalu

Marahaba, mwanangu. Nianze na neno lako la mwisho, maana ndilo linaloua misitu mingi. Msitu uliomo ndani ya ardhi ya kijiji unaye mwenyewe, naye ni kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuutenga kuwa hifadhi ya msitu ya ardhi ya kijiji, kuusimamia kwa sheria ndogo zake, na kunufaika na mapato yake. Sheria hiyohiyo inakiruhusu hata kikundi cha wananchi kukabidhiwa eneo la msitu ndani ya ardhi ya kijiji walitunze kama hifadhi ya jamii. Kwa hiyo kikundi chenu kina mlango wa kuingilia, ila ufunguo uko kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Kabla ya yote, hakikisheni kwamba kilima hicho si sehemu ya hifadhi ya Serikali. Huko Buchosa kuna Shamba la Miti Buhindi na msitu wa Maisome, ambavyo vina utaratibu wake. Mwombeni mtendaji wa kijiji awaonyeshe ramani ya mipaka ya kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi, kama upo. Ikithibitika kwamba ni ardhi ya kijiji, hatua zinazofuata ni kupima mipaka pamoja na majirani, kuchagua kamati ya maliasili, kuandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kuvipitisha kwenye mkutano mkuu, kisha kuzipeleka sheria ndogo halmashauri ya wilaya zikaidhinishwe. Si kazi ya wiki mbili, na bila afisa misitu wa wilaya mtazunguka bure.

Jambo moja mara nyingi hupuuzwa. Katika mkutano mkuu kila mtu mzima mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana kura yake, haijalishi shamba ni la nani. Wanawake 27 wakihudhuria ni kura 27. Wakibaki nyumbani wakipika, waume zao watakatiana kilima hicho vipande vipande, kila kipande na muhuri wake.

Na hiyo mikaratusi, tafadhali, isisogezwe karibu na chemchemi. Inakunywa maji mengi mno. Mahali pale acheni miti ya asili iliyokuwepo ichipue yenyewe kutoka kwenye visiki, mkichagua machipukizi mawili au matatu yenye afya kwa kila kisiki na kupunguza mengine. Visiki hivyo vina mizizi mirefu tayari, hivyo hukua haraka kuliko mche wowote mtakaoubeba kutoka kitaluni, na havihitaji kumwagiliwa.

Binti wa Ngitili (Kwimba)

Mama Mbegu, nimesoma habari ya miche kung'olewa nikajiona mimi mwenyewe. Kosa lenu halikuwa la kilimo. Kwa mila zetu, na naamini kwenu pia haziko mbali, mti wa kudumu ni alama ya umiliki. Anayekodi shamba akipanda mgrevilea, mwenye shamba anaona mtu anayejiandaa kubaki. Mke akipanda mstari wa miti kwenye shamba la ukoo, mashemeji wanaona hati inaandikwa mbele ya macho yao. Hawakuuchukia mti, waliusoma.

Ndiyo maana nawashauri kwenye mashamba ya kukodi na ya ukoo mwanze na mbaazi. Mbaazi ni chakula, hivyo hakuna anayeiona kuwa dai. Panda kati ya mistari ya mahindi au mihogo. Inarutubisha udongo, majani yake yanaanguka na kuoza palepale, na mkishavuna, mabua yake ni kuni nzuri za kupikia. Mwanamke anayepata kuni shambani mwake hapandi kilima. Ongezeni samadi na mboji kwenye yale mashamba ya chini mnayosema yamechoka, na limeni matuta ya kukinga maji kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, kwa sababu kinachowapandisha watu mlimani ni uchovu wa udongo kuliko tamaa.

Miti ya kudumu ije pamoja na hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Mume na mke wanaweza kuandikishwa pamoja kwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Kuhusu wale wawili walionyang'anywa mashamba, waende baraza la ardhi la kijiji wakasuluhishwe. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao sharti wawe wanawake.

Kuhusu msitu wenyewe, sisi huku tuna ngitili. Ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti vipumzike, kisha linafunguliwa kiangazi kwa ajili ya mifugo. Shinyanga ilipokuwa karibu igeuke jangwa, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 uliegemea mila hii badala ya kuleta mpya, na ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi zilizojulikana zikaongezeka hadi zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ilifanikiwa kwa sababu kila mzee aliijua na sungusungu waliilinda. Hata hivyo nisiipambe sana. Ngitili nyingi ni za watu binafsi, na mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa, kwa hiyo mjane asiye na ng'ombe anaweza kuizunguka kwa nje tu akitafuta kuni. Mtakapoandika sheria zenu, andikeni ni nani ataruhusiwa kuokota kuni kavu, siku zipi, na kwamba haulizwi ana mifugo mingapi.

Mkaa Mstaafu

Mimi nimechoma mkaa miaka mingi kabla ya kuacha, basi naomba nisikilizwe bila kutukanwa.

Marufuku peke yake itahamishia shoka usiku. Nilikuwa nakata usiku, nafukia tanuri mapema, na mgambo alikuwa akipitia kwangu kuchukua gunia lake. Aliyenitoa msituni ni mke wangu aliyeanza kuuza maziwa, siyo askari yeyote.

Kisha kuna sangara, jambo ambalo watu wa kitalu hamligusi. Furu na dagaa hukauka juani. Bibi zetu waliwaanika juu ya mawe bila kuchoma hata kijiti. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, ana mafuta mengi na hakauki hivyo. Lazima abanikwe au akaangwe, na vyote viwili vinakula kuni. Wabanikaji wengi ni wanawake. Kwa hiyo Mama Mbegu, katika hao 27 wenu lazima wamo wanaoishi kwa kuni za kilima kilekile mnachotaka kukifunga. Anzeni na hao. Tanuri la matofali lililozibwa pande zote, lenye trei za waya zinazopangwa moja juu ya nyingine, linatumia kuni chache sana kuliko moto wa wazi chini ya chanja. Kikundi kinaweza kujenga moja la pamoja kwa mkopo wa halmashauri, maana asilimia nne ya mapato ya ndani imetengwa kwa vikundi vya wanawake.

Huko Kilosa, Morogoro, vipo vijiji vilivyotenga sehemu ya msitu wao kwa mkaa, ikavunwa vipande vidogo vidogo kwa zamu, visiki vikiachwa vichipue, na fedha zikaingia kijijini. Lakini wao wana misitu mikubwa. Kwenye kilima kimoja chenye chemchemi nisingethubutu.

Mwana Mizinga

Ongezeni nyuki. Mizinga ya kisasa inakaa juu ya vichanja, mwanamke hahitaji kupanda mti. Na mwizi wa kuni hapendi kuzungukwa na mizinga.

Mama Mbegu (Buchosa)

Ahsanteni sana. Nimewasomea wenzangu majibu yenu jana jioni, na habari ya mti kuwa alama ya umiliki ilizua mjadala kuliko yote. Mmoja alikiri kwamba yeye kweli alipanda kwa nia hiyo. Tumekubaliana msimu huu kupanda mbaazi kila shamba, miche iliyobaki ipandwe tu kwa wanachama wenye mashamba yao, na wabanikaji sita waliomo ndani ya kikundi wakae na mweka hazina kupiga hesabu ya tanuri moja. Mkutano mkuu wa kijiji unakuja mwezi ujao. Je, inatosha kusimama na kusema siku hiyo?

Mzee wa Kitalu

Haitoshi. Mwandikieni mwenyekiti wa kijiji barua mapema mkiomba hoja ya msitu iingizwe kwenye ajenda, na nakala abaki nayo mtendaji. Siku ya mkutano kaeni pamoja, msitawanyike. Hoja ikipita, msiondoke kabla haijaandikwa kwenye muhtasari, ikiwa na idadi ya waliohudhuria na waliounga mkono, na ombeni nakala yenye muhuri. Nimeona misitu miwili ikipotea kwa sababu muhtasari wake haukupatikana mtendaji alipohamishwa.