Ukuta wa mwaloni: kamati inataka simba, mimi nataka furu. Naomba ushauri

FundiMabango:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa mabango na maandishi ya mitumbwi, Ilemela, Mwanza. Serikali ya mtaa imeturuhusu kuchora ukuta wa soko la samaki mwaloni kwetu, mita kama 30, nishirikiane na vijana na watoto wa shule ya msingi jirani. Kamati inataka simba, tembo na twiga ili wageni wanaotoka Serengeti wavutiwe. Mimi roho yangu iko kwa samaki wa Ziwa Victoria. Sangara tunaye tayari kwenye kipilefti cha mjini; nawataka furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi, na ningu na domodomo. Juzi nilimwomba mtoto wa darasa la nne, baba yake mvuvi, anichoree furu. Akachora sangara mdogo. Iliniuma sana. Nianzie wapi na kamati? Na rangi gani itastahimili ukuta ulio karibu na maji?

MamaSamaki_Kirumba:
Mwanangu, kabla ya kushika brashi, kaa na kina mama wanaopaa samaki hapo hapo mwaloni. Watakwambia domodomo ana mdomo mrefu ulioinamia chini. Gogogo usimsahau: mwiba mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu, na ukimtoa kwenye wavu analia. Ningu tulimjua wakati wa mvua, akipanda mitoni kutaga. Hayo watoto wayasikie ndipo wachore, maana mwenye kumfahamu samaki ni aliyemshika. Na kina mama nao wapewe brashi, wasiitwe kupiga makofi tu siku ya uzinduzi.

Mchoraji_Nyegezi:
Mkuu, namuunga mkono Mama kwa yote. Naongezea ya furu kwa sababu nawapenda mno.

Chora dume. Wapo wenye mgongo mwekundu, wapo wa bluu, wapo wa manjano, na kwenye pezi la chini karibu na mkia kuna madoa ya manjano kama mayai. Jike hubeba mayai mdomoni. Mtoto ukimwonyesha hilo hasahau. Watu wengi wanajua kwamba sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na alipoongezeka miaka ya 1980 furu wakateketea. Lakini sababu haikuwa hiyo peke yake. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake, waliofanya utafiti humu humu Ghuba ya Mwanza, walieleza kwamba maji yakichafuka jike hamtambui vizuri dume wa aina yake kwa rangi, hivyo aina zinachanganyikana na kupotea. Kwa hiyo ukiwapaka rangi zao kamili ukutani, unawaonyesha watu kile ambacho tope la ziwa limekificha.

Sasa ukuta. Rangi ya mafuta usiipeleke juu ya plasta yenye unyevu, itatoa malengelenge. Ile chumvi nyeupe inayotoka ukutani isugue kwa brashi ya waya ikiwa kavu, usiioshe. Plasta mpya iache wiki 4. Kisha praima (rangi ya kwanza ya kushikia), kisha rangi ya maji ya nje. Chini acha nusu mita ya kijivu bila picha, maana tope la mvua litaruka hapo. Nyekundu huwahi kupauka juani, nunua nzuri hata kama ni ghali.

Michoro ya watoto ikuze kwa miraba ya chaki, na usiinyooshe. Domodomo akitoka na macho mawili upande mmoja, mwache. Mtoto ataleta ndugu zake wote kumwona.

Kijana_CapriPoint:
Kamati waambie kuna mnyama mwenye jina la mji huu: mjusi wa kwenye mawe, dume kichwa chekundu, mwili wa bluu. Kitaalamu anaitwa Agama mwanzae. Mgeni ametoka kuona simba mwenyewe, simba wa rangi atamshangaza nini? Huyo mjusi atamtafuta hadi kwenye mawe.

FundiMabango:
Asanteni sana. Mama, shikamoo. Hoja ya mjusi naipeleka kwenye kikao, namweka juu kabisa, pembeni mwa lango. Kina mama nitawafuata asubuhi boti zikishaingia na mauzo yakipungua. Mchoraji, ukiwa na picha za furu dume zilizo wazi, niwekee hapa; nahitaji kuona yale madoa ya pezini kwa karibu.