Naomba ushauri: chakula safarini Italia

Ndugu zangu, habari za leo. Ninasoma Bologna, na kila Jumamosi napanda treni kwenda miji ya jirani. Shida ni chakula, maana mimi ni Muislamu. Tortellini, yaani tambi ndogo za kukunjwa, hujazwa nyama ya nguruwe. Hata piadina, mkate unaofanana kabisa na chapati, kwa kawaida hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Juzi huko Ravenna nilishaumega, bado wa moto, ndipo muuzaji akaniambia. Niliumia sana. Siku hizi nabeba mayai ya kuchemsha.

Mliokaa huku, nimuulizeje muuzaji kwa Kiitaliano kabla sijalipa? Na wiki ijayo naenda Ferrara: cappellacci za boga (tambi zilizojazwa boga) naweza kula, au mchuzi wake huwa na nyama?