MBA hapa Mombasa: yuniti za lazima ni zipi, na mtu wa arts ataponea wapi?

Mtoto_wa_Changamwe

Assalaam aleikum na hamjambo wakuu. Nauliza kwa wale walosoma MBA, ile digrii ya pili ya biashara, ama wako ndani sa hii. Mie nafanya kliaringi hapa bandarini, yaani kuwatolea wateja mizigo, nlianza kama mtu wa kukimbiza makaratasi, sasa nshapewa timu yangu na bosi anisukuma nikasome MBA, ati kampuni italipa nusu. Shida ni kwamba digrii yangu ni ya ualimu, Kiswahili na Historia, na hesabu mara ya mwisho tulikutana kidato cha nne na hatukuachana kwa wema. Nimechungulia broshua za vyuo vyenye kampasi hapa mjini, naona kila kimoja kina yuniti za lazima kibao kabla hujafikia ile unotaka weye. Mie nataka uchukuzi na ugavi. Sasa hizo za lazima ni zipi haswa, na kwani mtu wa ugavi akasome akaunti za nini? Na ipi ndo inoangusha watu? Niambieni kabla sijalipa fizi.

BiHesabu_Tudor

Waaleikum salaam mwalimu. Mie nshamaliza, na nlisoma na walimu, manesi, hata injinia mmoja wa maji, kwa hivyo tulia. Za lazima zafanana karibu kila chuo, iwe hapa iwe Marekani: akaunti, fainansi, uchumi wa biashara, takwimu, masoko, oparesheni, tabia za watu kazini (wanafunzi huita OB), na mkakati huja mwisho mwisho. Huku kwetu ongeza sheria ya biashara na mbinu za utafiti. Majina hubadilika tu, chuo kimoja kitaandika akaunti za meneja, chengine akaunti za kufanyia maamuzi, ni mulemule.

Kwa nini akaunti? Manake weye wa kliaringi ndo waihitaji kushinda mtu wa benki. Angalia kazi yenu: mteja ana kontena, ushuru haujalipwa, ofisi yatoa pesa zake yalipa, mzigo watoka, halafu mteja aambiwa lipa baada ya siku 60. Kwa vitabu mwezi huo mna faida, invoisi ishaandikwa. Kwa benki hamna kitu na mishahara ni kesho kutwa. Kampuni ngapi za kliaringi mjini hapa zimefunga na kazi zilikuwa nazo tele? Darasa la akaunti lakuonyesha zile taarifa tatu, ya faida na hasara, ya mali na madeni, na ya mzunguko wa pesa, na vile moja yaweza kucheka huku nyengine yalia. Hesabu yenyewe ni kujumlisha na kutoa, haina maajabu.

Fainansi sasa ndo kwenye moto. Nikupe mfano mmoja ushike kalamu. Mwataka kununua prime mover, kile kichwa cha lori la kuvuta kontena, ya milioni 6, itawaletea milioni 1.8 kila mwaka kwa miaka 5. Kwa macho utasema 1.8 mara tano ni 9, faida milioni 3, nunua! Lakini pesa ya mwaka wa tano si sawa na pesa ya leo, lazima uirudishe nyuma kwa gharama ya pesa, yaani riba mnolipa ama faida ambayo pesa hiyo ingewaletea kwengine. Ikiwa pesa yenu yawagharimu asilimia 14, zile milioni 9 thamani yake leo ni kama milioni 6.18, mwaponea chupuchupu na laki moja na elfu themanini hivi. Gharama ikipanda mpaka asilimia 16, inakuwa milioni 5.89, mshapata hasara ya laki moja na ushee, na ni lori lilelile, dereva yuleyule, njia ileile ya Nairobi. Hiyo ukiielewa ushaelewa nusu ya fainansi, ilobaki ni kurembesha.

Kontena_Futi40

Bi Hesabu ashasema ya kwake ngoja nami nitie za oparesheni manake hiyo ndo yako bro. Usiidharau ati kwa sababu washinda bandarini, mie nlidhani nakwenda kufundishwa kazi nayoifanya kila siku kumbe kuna vitu hatuvijui kabisa. Kuna kanuni ya Mmarekani mmoja yuaitwa John Little, aliithibitisha 1961, yasema vitu vilivyo ndani ni sawa na kasi ya kutoka mara muda vinaokaa. Haya basi, yadi ina kontena 300 na kwa siku zatoka 60, kila moja yakaa wastani siku 5, huhitaji kompyuta. Sasa meneja aja afoka ati nataka siku 3! Kwa kasi ileile ya 60 maana yake yadi iwe na 180 tu, kwa hivyo ama mpunguze zinoingia ama muongeze kasi ya kutoka mpaka 100, kufoka hakutoi kontena.

Na takwimu usiiogope, ni somo la kukufanya usidanganywe. Chukua kontena kumi, tisa zimetoka kwa siku 2 na moja ilikwama siku 42 kwa ajili ya makaratasi. Wastani ni siku 6. Ukimwambia mteja siku 6, hakuna hata kontena moja iliokaa siku 6! Ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa, ile ya katikati ni siku 2, na hiyo moja ilokwama yahitaji kuchunguzwa peke yake. Wenye kuanguka takwimu ni wale wanokariri fomula, weye jifunze Excel kabla hujaanza, seriously, hiyo peke yake itakuokoa semista nzima.

Yakhe_wa_Kibokoni

Nyie mwamtia shime tu, mie nitasema ukweli. Masoko na OB watu huzichukulia za kupumzikia halafu zawashika pabaya, manake mtihani haukuulizi maana ya kitu, wakupa kisa kurasa sita, kampuni imeharibikiwa, weye ndo meneja, fanya nini. Mtu wa historia utafurahia hapo, kuandika insha ya hoja washajua.

Sheria nayo, usikose darasa. Kuna siku tulisoma Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 41, kabla humfukuzi mtu kwa utovu wa nidhamu ama kazi mbovu lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, awe na mwenzake wa kazini ama mwakilishi wa chama hapo kando, na umsikize. Darasa zima likanyamaza, nusu yetu ni mabosi na watu tushawafukuza kwa simu.

Mkakati ndo utamu wake kwa sie wa pwani, manake mifano iko mlangoni. 2019 mizigo ilipoamrishwa ipande SGR, ile reli mpya, ikakaguliwe Nairobi, ofisi ngapi hapa zilitoa wafanyikazi? 2022 serikali mpya ikaingia, kazi ikarudishwa bandarini siku ileile ya kuapishwa. Ofisi ilokuwa na mguu mmoja Nairobi na mmoja hapa haikutikisika sana, ilotegemea geti moja ikaumia. Mwalimu wetu alituuliza swali moja tu saa mbili nzima: biashara yenu yasimama juu ya kitu gani ambacho mtu mmoja akitia sahihi chaondoka?

Sasa lile hawakuambii kwenye broshua. Yuniti watu humaliza. Kinachowaua ni projekti. Klasi zaisha, wabaki weye na supavaiza, watuma sura ya kwanza yakaa, wafuata leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali inotoa ruhusa ya utafiti, ndo ukusanye data, huku kazini bosi akuita Jumapili. Nawajua watu wana yuniti zote na gauni hawajavaa. Kwa hivyo ile mbinu za utafiti usiifanye juujuu, chagua mada hapo hapo darasani, tena mada ambayo data yake iko ofisini kwenu.

Mtoto_wa_Changamwe

Wallahi shukran, nimesoma ya lori mara mbili na nimeshtuka manake mwaka jana tulinunua lori kwa ile hesabu ya macho kabisa 😂 Bosi simwambii. Yakhe hapo kwa projekti umenitisha. Je mada kama kuchelewa kwa kontena kwa sababu ya makaratasi yafaa? Na nyengine, kuna chuo chaniambia naweza kuruka akaunti nikiwa na CPA, ile mitihani ya wahasibu, sina, sasa nisome CPA kwanza?

BiHesabu_Tudor

La, usianze CPA kwa sababu hiyo, ni safari nyengine kabisa. Vyuo vingine huwapa watu wasotoka biashara yuniti za kuwaandaa kabla ya zile zenyewe, uliza kama wanazo na kama zina fizi yake mbali, hapo ndo watu hushtukizwa. Pia hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, si chuo tu, kozi. Na uliza nani anofundisha fainansi wikendi, ikiwa ni mtu wa kuja na basi la usiku kutoka Nairobi akiwa hoi, tafuta wa jioni.

Yakhe_wa_Kibokoni

Mada yafaa sana lakini ipunguze. Usiseme kuchelewa kwa kontena Mombasa, hiyo ni kazi ya wizara. Chukua aina moja ya mzigo, mathalan magari ya mitumba, na hatua moja ya makaratasi. Na uombe ruhusa ya bosi kwa maandishi mapema, manake ukifika wakati wa data aweza kukwambia hizo ni siri za kampuni, na ndie alokusukuma.