Mjadala: Programu zisanifu vituo vya data, wahandisi wabaki kugonga muhuri tu?

Boriti (mtoa mada)
Wakuu, tuongee bila jazba. Dunia nzima inalilia vituo vya data, akili mnemba inameza umeme usiku na mchana, ila sisi tunasanifu kana kwamba kila jengo ni la kwanza kujengwa. Kituo cha data kinajirudia: ukumbi wa seva (kompyuta zinazotunza na kuchakata data), chumba cha betri, transfoma, jenereta, mitambo ya kupoza, kisha ukumbi wa pili vilevile, mpaka wa nane. Ipe programu kanuni (kilowati ngapi kwa raki, yaani kabati la seva, fundi apite upana gani, njia mbili za umeme zisikutane wapi), itapanga raki, itapitisha kebo na mabomba, itatoa na orodha ya vifaa vya kuagiza. Kazi ya wiki inaisha kabla ya chakula cha mchana.

Hoja yangu: programu ikishakaguliwa mara moja, mamlaka za vibali ziikubali michoro yake bila kukagua kila jengo upya. Anayepinga alete sababu ya kiufundi, asije kuwatetea wachoraji wanaonakili mlango kutoka karatasi hii kwenda ile na kuiita taaluma.

Mchorakebo
"Wanaonakili mlango." Asante sana mkuu, nimejiona.
Huo mlango ndio betri zinapita siku ya kubadilishwa. Programu ilishanipangia chumba kizuri mno, mistari imenyooka, modeli ya kompyuta haionyeshi kitu kinachogongana na kingine. Tatizo moja: kabati la betri likishaingia halitoki mpaka ubomoe ukuta. Unajua nani aliliona? Mnakili mlango.

Boriti
Hukuiandikia kanuni ya njia ya kutolea vifaa. Hilo ni kosa la aliyeandika kanuni, programu imetii.

Mchorakebo
Na aliyeandika kanuni alikuwa mhandisi wa aina yako, hajawahi kusukuma kabati.

Saiti Boy
Mnagombana nini? Michoro haijawahi kunichelewesha kama transfoma. Zile kubwa unaagiza leo, zinakuja baada ya miaka. Swichigia (makabati ya swichi kubwa za umeme) hivyo hivyo, jenereta hivyo hivyo. Halafu kuna gridi yenyewe. Huko Ireland vituo vya data vilikula asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita mwaka 2023, na Dublin maombi mapya ya kuunganishwa yalikuwa yameshabanwa. Singapore walisimamisha vibali vipya kuanzia 2019, wakaja kulegeza 2022. Virginia, Marekani, pale wilaya ya Loudoun palipojaa vituo kuliko popote, mwaka huohuo wa 2022 kampuni ya umeme iliwaambia wajenzi wa vituo wasubiri, nyaya za kuwafikishia hazitoshi. Sasa programu yako ikichora jengo kwa dakika kumi, inakaa wapi kusubiri umeme?

Kipimo
Hilo la Saiti Boy linahitaji jibu. Na lingine: raki za zamani zilikuwa kilowati tano mpaka kumi. Raki ya sasa ya Nvidia, watengeneza chipu za akili mnemba, yenye chipu 72 ni kama kilowati 120, na hiyo hewa haiipozi, lazima maji yafike kwenye chipu. Maana yake kiolezo cha programu (mpangilio inaourudia kila jengo) kilichokaguliwa "mara moja" kinachakaa kabla rangi ya ukuta haijakauka. Ukibadili kiolezo, ukaguzi ule bado unahesabika?

Bi Nondo
Mimi ni mhandisi wa miundo, naomba niseme la kwangu. Norway kulikuwa na jukwaa la mafuta miaka ya tisini, hesabu zake zilifanywa na kompyuta, likazama na kuua watu zaidi ya mia. Hayo ndiyo mnayotaka kuyaleta kwenye majengo?

Kipimo
Dada Nondo, umeunganisha majukwaa mawili. Lililoua ni Alexander Kielland, 1980, watu 123, na chanzo kilikuwa ufa wa uchovu wa chuma ulioanzia kwenye sehemu iliyochomelewa. Kompyuta haikuhusika. Unalolisema wewe ni Sleipner A, Agosti 1991. Modeli ya kompyuta ilikadiria nguvu za mkato (zile zinazotaka kuukata ukuta) kwenye kuta pungufu kwa asilimia 47, zege likawa jembamba, likapasuka wakati wa kujaribiwa majini. Hakufa mtu.

Bi Nondo
Haya, hakufa mtu. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Hili liliundwa na halikuelea.

Asali Chungu
😂😂 Dada Nondo kapoteza tarehe, kashinda mjadala.

Boriti
Hajashinda kitu. Kansas City, Marekani, 1981, vijia vya juu vya hoteli ya Hyatt Regency vilianguka, wakafa watu 114. Fimbo moja ndefu ya kuning'inizia ilibadilishwa ikawa mbili fupi, mzigo kwenye kiungio ukawa mara mbili. Hapo palikuwa na programu gani? Palikuwa na binadamu, mchoro, na muhuri. Binadamu wenu huyohuyo mnayemsifia.

Mpiga Muhuri
Ahsante kwa kuitaja hiyo, maana inakuumiza wewe. Wahandisi wale walinyang'anywa leseni. Walisema badiliko lile lilitoka kwa mtengenezaji wa chuma, hawakulikagua. Wakaambiwa: muhuri ni wenu. Sasa niambie, mchoro ukitoka kwenye programu iliyopitishwa na mamlaka, jengo likileta shida, anavuliwa leseni nani? Mwenye programu? Mamlaka? Au mimi niliyeletewa karatasi 400 Ijumaa jioni nigonge muhuri?

Boriti
Wewe, kama sasa. Hakijabadilika kitu.

Mpiga Muhuri
Kimebadilika. Sasa naujua mkono ulioichora. Naweza kumuuliza kwa nini bomba limepita juu ya swichigia. Programu nikiiuliza inanionyesha kijani tu, eti kila kitu sawa.

Saiti Boy
Juu ya swichigia! Nani kapitisha bomba la maji juu ya swichigia?

Mpiga Muhuri
Ni mfano, kijana.

Saiti Boy
Mfano unaotoka na hasira hivyo si mfano.

Mwanagenzi
Shikamooni wakubwa. Mimi nimeajiriwa juzi tu. Kazi yangu ni kujaza jedwali, nabonyeza, michoro inatoka, napeleka kwa bosi. Sijawahi kuchora treyi ya kubebea kebo hata moja kwa mkono. Naogopa siku nitakayoambiwa nikague. Nitakagua kwa kipi?

Mzee Rula
Marahaba mwanangu. Sisi tulichora kwa wino, ukikosea unakwangua kwa wembe. Ukishakwangua mstari mara tatu unajua kwa nini haukutakiwa kuwa pale.

Boriti
Mzee, kwa heshima zote, kukwangua kwa wembe si elimu, ni mateso. Na ninyi mlikosea pia, tena bila modeli ya kuwaonyesha migongano. Bomba na boriti mlikuwa mnakutana nazo saiti, mkandarasi anatoboa, anatuma bili ya ziada.

Mzee Rula
Tulikosea, na waliolipa walijua wa kumlipisha. Wewe kijana unauza hiyo programu?

Boriti
Siuzi chochote! Kila anayetaja programu humu anaitwa dalali. Ndiyo maana hatuendi mbele.

Asali Chungu
Mtu asiyeuza hakasiriki hivi. Nasema tu.

Mchorakebo
Mwanagenzi, dada au kaka, nisikilize mimi, hawa waache. Omba kwenda saiti wiki wanapovuta kebo. Uone kebo nene inavyokataa kona ambayo modeli imeipinda bila shida. Ukirudi ofisini utaanza kuiuliza programu maswali.

Mwanagenzi
Dada. Asante. Nimeomba, wakasema saiti ni ya wakandarasi.

Mchorakebo
Basi hao ndio wa kulaumiwa, si wewe.

Bi Nondo
Na tusisahau moto. Strasbourg, Ufaransa, Machi 2021, jengo zima la kituo cha data liliteketea, halikuwa na mfumo wa kuzima moto unaojiwasha wenyewe. Ukiweka kosa kama hilo kwenye kiolezo, umelijenga mara nane. Na Kipimo usinisahihishe, hii nina uhakika nayo.

Kipimo
Hii sina la kusahihisha. Ila swali langu la kiolezo kubadilika bado linaning'inia, watu wamehamia kwenye wembe.

Boriti
Sawa. Tuache vibali. Mtakubali programu ipange treyi, mabomba na orodha ya vifaa, binadamu akague yaliyobaki?

Mpiga Muhuri
Mbona hayo yanafanyika tayari? Kila ofisi kubwa ina vijana wa skripti, wanaoandika programu ndogo za kuchora. Ulianza na kuzinyamazisha mamlaka, sasa umefika kwenye treyi. Endelea kushuka, tutakutana.

Boriti
Sijashuka. Nimetenganisha hoja. Kuna la bima pia: bima ya mhandisi inamfuata mtu, na inaweza kuandikwa ifuate programu. Hapo ndipo jibu la nani anavuliwa leseni lilipo.

Mpiga Muhuri
Bima inalipa fedha, mkuu. Leseni haivuliwi na bima. Fafanua.

Boriti
Nitafafanua kesho nikitoka kazini.

Asali Chungu
Kesho ya kalenda au kesho ya kwenye ratiba ya mradi?