Naomba ushauri: mbu wasioguswa na dawa wanakufa mno

Wataalamu, habari za kazi. Tunapima usugu wa Anopheles gambiae (mbu wa malaria) dhidi ya dawa kwa mirija ya Shirika la Afya Duniani (WHO): karatasi za deltamethrini (dawa ya kuua wadudu) 0.05%, majike 25 kila mrija, umri siku 3 hadi 5, saa 1 kwenye dawa, kisha saa 24 wakila maji ya sukari 10%. Tatizo liko kwenye mirija ya kulinganishia, yenye karatasi zisizo na dawa. Vifo vinapita 20%, kwa hiyo jaribio zima linatupwa. Kanuni ya Abbott (hesabu ya kurekebisha matokeo kwa vifo vya mbu wasioguswa na dawa) haiokoi kiwango hicho. Joto ni 27°C, ila unyevu hewani hushuka hadi 55% alasiri, na hapo ndipo ninapopashuku zaidi kuliko mabaki ya dawa mirijani. Je, taulo mbichi juu ya mirija zinatosha? Na mirija mnaioshaje?